Kosa la Phoenix Suns: lilikuwa Durant au Beal?

PasiYaMwisho ameuliza, kiangazi cha 2025:

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa shabiki wa Phoenix Suns, timu ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA), tangu enzi za Steve Nash, kwa hiyo machungu ya kumaliza msimu bila kombe si mageni kwangu. Haya ya sasa, hata hivyo, ni ya aina nyingine, na ningependa wenye jicho kali la kupanga vikosi wanisaidie kuyachambua.

Mwaka 2021 timu hii ilifika fainali, ikawaongoza Milwaukee Bucks kwa michezo 2 kwa 0, kisha ikapoteza minne mfululizo. Msimu uliofuata ilishinda michezo 64, ambayo ni rekodi ya klabu, halafu ikadhalilishwa nyumbani na Dallas Mavericks kwa pointi 123 kwa 90 katika mchezo wa 7 wa nusu fainali ya Kanda ya Magharibi. Hata baada ya aibu ile msingi ulikuwa bado unaonekana. Devin Booker, Mikal Bridges, Cameron Johnson na Deandre Ayton walikuwa na miaka mingi mbele yao, na ni Chris Paul peke yake aliyekuwa akikaribia mwisho wa safari.

Februari 2023 Mat Ishbia akakabidhiwa timu akiwa mmiliki mpya, na kabla wiki haijaisha Kevin Durant alikuwa amekwisha nunuliwa kutoka Brooklyn Nets. Bei yake ilikuwa Bridges, Johnson, Jae Crowder, machaguo 4 ya raundi ya kwanza, yaani zamu za kuchagua vijana wapya katika drafti ya kila mwaka, yasiyo na kinga yoyote (ya 2023, 2025, 2027 na 2029), na juu yake haki ya kubadilishana chaguo la 2028, yaani Brooklyn wachukue letu kama ni bora kuliko lao. Juni ya mwaka huohuo akaletwa Bradley Beal kutoka Washington Wizards, wakaondoka Paul, Landry Shamet, rundo la machaguo ya raundi ya pili na haki nyingine kadhaa za kubadilishana machaguo ya raundi ya kwanza.

Matokeo mnayajua. Mwaka 2023 tulitolewa na Denver Nuggets. Mwaka 2024 Minnesota Timberwolves walitufagia michezo 4 kwa 0. Msimu wa 2024-25 tulishinda michezo 36 tukapoteza 46, hata ile michezo ya kuwania nafasi za mwisho za mtoano hatukuigusa, na kikosi hicho ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote katika ligi. Makocha watatu wamefukuzwa katika miaka mitatu mfululizo. Sasa Durant yuko Houston Rockets, Beal amevunjiwa mkataba na kwenda zake Los Angeles Clippers, na Booker amebaki na jezi ileile akizungukwa na sura mpya.

Swali langu ni hili: tulipotea pale tulipomnunua Durant, au pale tulipomnunua Beal? Naomba msinijibu kwamba ni yote mawili, kwa sababu jibu hilo halifundishi chochote. Nataka kujua ni dili lipi, kama lisingefanyika, lingetuacha tukiwa timu yenye njia ya kutokea.

---

MzeeWaRebaundi amejibu:

Ndugu PasiYaMwisho, kwangu ni Beal, na sababu haihusu kipaji chake hata kidogo. Beal amewahi kufunga wastani wa pointi zaidi ya 30 kwa misimu 2 mfululizo akiwa Washington, na hakuna anayefika hapo kwa bahati. Tatizo ni makaratasi aliyokuja nayo. La kwanza ni mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 251 aliousaini mwaka 2022. La pili ni kifungu ndani ya mkataba huo kinachompa mamlaka ya kukataa kupelekwa timu yoyote asiyoitaka, na kifungu hicho kilihama naye kuja Phoenix. Washington walikuwa wamebanwa nacho, ndiyo maana walimwachia mfungaji wa kiwango kile bila kudai hata chaguo moja kamili la raundi ya kwanza. Bei ya namna hiyo ilipaswa kumshtua mnunuzi. Wahenga walikwisha sema rahisi ghali.

Lakini hoja yangu kubwa ni kalenda. Ligi na chama cha wachezaji walikubaliana juu ya mkataba mpya wa pamoja mwanzoni mwa Aprili 2023. Durant alinunuliwa miezi miwili kabla ya hapo, Beal alinunuliwa miezi miwili baadaye. Anayetaka kumtetea meneja aliyemnunua Durant anaweza kusema kwamba alicheza kwa kanuni alizozikuta. Aliyemnunua Beal hana utetezi huo, maana kizingiti cha pili cha mishahara kilikuwa kimekwisha tangazwa, na kila mtu ligini alijua kimewekwa kwa ajili ya timu za aina hiyohiyo.

Kwa wasiofuatilia mambo ya mishahara, nieleze kidogo. Ligi ina ukomo wa mishahara, lakini ni ukomo laini, kwa sababu timu inaweza kuupita ili kuwabakiza wachezaji wake. Juu yake kuna mstari wa kodi ya anasa, na juu ya kodi kuna vizingiti viwili. Zamani tajiri aliyekubali kulipa kodi aliendelea na mambo yake kama kawaida. Sasa, ukivuka kizingiti cha pili, fedha haikuokoi tena kwa sababu unanyang'anywa zana zenyewe za kazi. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili kumpata mmoja mkubwa. Huruhusiwi kutia fedha taslimu katika dili. Huna nafasi ya kumsajili mchezaji huru wa daraja la kati kwa yale mafungu maalumu ambayo timu nyingine wanayo. Chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka 7 ijayo linagandishwa, huwezi kulitoa katika dili lolote, na ukizoea kuishi juu ya mstari huo, chaguo hilo linasukumwa hadi mwisho wa raundi hata kama umekuwa wa mwisho katika msimamo. Suns wameonja mengi ya hayo, na chaguo lao la 2032 liligandishwa.

Sasa tazama hesabu ya msimu wa 2024-25. Durant alilipwa takriban dola milioni 51, Beal milioni 50, Booker milioni 49. Jumla ni milioni 150, wakati ukomo wa mishahara kwa timu nzima ulikuwa milioni 140.6. Watu watatu tu wamekwisha maliza ukomo na kubakiza deni! Kizingiti cha pili kilikuwa milioni 188.9, maana yake ili kukaa chini yake ulibakiwa na milioni 38 za kugawana wachezaji wengine 12. Jusuf Nurkić peke yake alichukua takriban 18. Hapo hata ungemleta meneja mwenye akili za malaika, asingekuwa na la kufanya zaidi ya kuwasaka wakongwe wa mshahara wa chini kabisa na kuwaombea afya.

Ilipofika Februari 2025, iliripotiwa sana kwamba Suns walikuwa wanamtaka Jimmy Butler kutoka Miami Heat. Mishahara inayotoka na inayoingia katika dili hutakiwa kulingana, na kwa kanuni zile mshahara wa Butler ungeweza kulinganishwa na mshahara wa mtu mmoja tu, si wa kadhaa waliounganishwa; ukiwaacha Durant na Booker alibaki Beal, naye alikuwa na kifungu cha kukataa. Butler akaishia Golden State Warriors. Dili la Durant lilitugharimu wachezaji na machaguo, jambo ambalo timu nyingi zimewahi kulipona. Dili la Beal lilitugharimu uwezo wenyewe wa kufanya dili lingine.

---

BenchiRefu amejibu:

Mzee, nakusoma siku zote kwa heshima, na sehemu ya kanuni umeieleza vizuri kuliko watangazaji wengi. Hata hivyo nadhani umemlaumu mgeni wa mwisho kuingia wakati nyumba ilikwisha bomolewa. Beal alinunuliwa kwa nini? Alinunuliwa kwa sababu baada ya dili la Durant timu haikuwa tena na kitu cha kati. Ilikuwa na wakubwa wawili na utupu chini yao, na hapakuwa na machaguo ya kuujaza utupu huo. Mtu aliyefika hapo hununua kinachouzwa bila chaguo la raundi ya kwanza, na sokoni siku ile kilikuwepo kimoja.

Tupime walichotoa kwa bei ya sokoni, si kwa hisia za usiku wa dili. Mwaka 2024 Brooklyn walimuuza Bridges kwa New York Knicks wakapewa machaguo 5 ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana jingine. Kiangazi hiki cha 2025 wamempeleka Johnson Denver, wakapata Michael Porter Jr. pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la 2032. Kwa hiyo Suns, kwa ajili ya Durant, hawakutoa machaguo 4 tu. Walitoa hayo manne na juu yake mchezaji ambaye peke yake alikuwa na thamani ya matano, kisha wakamtupia na Johnson. Sijui dili jingine la zama hizi ambamo nyongeza ilikuwa na thamani kubwa kuliko kitu chenyewe.

Na thamani hiyo haikuwa ya makaratasi tu. Bridges ndiye aliyekuwa akitumwa kumkaba mfungaji bora wa upande wa pili kila usiku, ili Booker apumzike upande mmoja wa uwanja. Hadi anafika New York hakuwa amekosa mchezo hata mmoja tangu aingie ligini mwaka 2018. Msimu wa 2022-23 alicheza michezo 83 katika msimu wa michezo 82, kwa sababu ratiba ya timu aliyohamia ilikuwa nyuma ya ile aliyoiacha na yeye hakuomba mapumziko. Upande wa pili Durant alikuwa na umri wa miaka 34 aliponunuliwa. Siku aliyotarajiwa kucheza mara ya kwanza mbele ya mashabiki wa Phoenix, aliteleza akipasha misuli moto kabla ya mchezo dhidi ya Oklahoma City Thunder, kifundo cha mguu kikapinda, na msimu wa kawaida akaumaliza akiwa na michezo 8 tu kwa jezi ya Suns. Alipocheza alicheza vizuri sana, sibishi. Lakini mtu wa umri ule unamnunua ili awe kipande cha mwisho, na kipande cha mwisho hakinunuliwi kwa kuuza nguzo mbili zilizokuwa zimeshika paa.

Linganisha na waliofanya biashara hiyohiyo kwa utulivu. Denver walimchukua Aaron Gordon kutoka Orlando Magic Machi 2021 kwa Gary Harris, R.J. Hampton na chaguo moja la raundi ya kwanza. Nikola Jokić, Jamal Murray na Porter hawakuguswa. Wakati ule wengi walisema Gordon ni mrukaji asiyejua kupiga mitupo ya mbali; Denver hawakumhitaji kwa mitupo, walimhitaji akabe na akate kuelekea ringi Jokić anapokuwa na mpira, na mwaka 2023 wakatwaa ubingwa.

Indiana Pacers ndio mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 2023 walimsajili Bruce Brown kwa mshahara mnono wa takriban dola milioni 22 kwa msimu, watu wakacheka. Januari 2024 mshahara huohuo ndio uliotumika kulinganisha hesabu walipomchukua Pascal Siakam kutoka Toronto Raptors, pamoja na machaguo 3 ya raundi ya kwanza. Andrew Nembhard aliyechaguliwa wa 31, Aaron Nesmith aliyekuja kama sehemu ya dili la Malcolm Brogdon, na Myles Turner, wote walibaki. Mwaka 2025 wakawafikisha Thunder mchezo wa 7 wa fainali. Mkataba wa mshahara wa kati ndio sarafu ya ligi hii kwa sasa, na Suns walizimaliza sarafu zao kwa Durant. Ukishazimaliza, Beal anakuja mwenyewe.

Tena tukumbuke waliokaa upande wa wauzaji. Mwaka 2019 Clippers waliwapa Thunder kijana Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo 5 na haki mbili za kubadilishana ili wampate Paul George. Moja ya machaguo hayo likawa Jalen Williams, wa 12 katika drafti ya 2022, ambaye alifunga pointi 40 katika mchezo wa 5 wa fainali za 2025. Gilgeous-Alexander alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa msimu na ile ya fainali. Clippers hawakuwa wajinga. Walimkadiria kijana wao chini, kama sisi tulivyomkadiria Bridges.

---

MzeeWaRebaundi amejibu:

BenchiRefu, nakubali kwamba Bridges alitolewa kwa bei ya chini, ila hapo umeruka kitu. Baada ya Durant kufika, timu bado ilikuwa na Paul, ambaye mkataba wake ungeweza kusitishwa kabla ya msimu kwa kulipa sehemu tu, na ilikuwa na Ayton. Hizo ni sarafu mbili za kati, au moja kubwa na moja ya kati ukipenda. Ayton alivunjwa kama noti Septemba 2023 katika lile dili la Damian Lillard kwenda Milwaukee, akarudisha Nurkić, Grayson Allen na wengine. Paul angeweza kuvunjwa vilevile, mshahara wake ukaleta walinzi wawili wa kukaba. Utupu unaousema haukuwa umekamilika hadi Juni, na aliyeukamilisha ni Beal.

---

PasiYaMwisho amejibu:

Nawashukuru wote wawili. Hoja ya kalenda aliyoitoa Mzee sikuwa nimewahi kuiona imewekwa hivyo, na ile ya Bruce Brown imenifanya niangalie upya mikataba ninayoidharau kila kiangazi. Kwa upande wangu naelekea kwa BenchiRefu, kwa sababu timu yenye Bridges na Johnson isingemhitaji Beal kabisa.

Niongeze swali dogo. Kwa kuwa Suns hawana chaguo lao lolote wanalolimiliki kikamilifu hadi 2031, hata la 2031 lenyewe walilipeleka Utah Jazz Januari 2025 wakapewa matatu hafifu, je, timu ya namna hii inajengwaje? Wengi mitandaoni wanasema tumuuze Booker, tupoteze makusudi, tuanze upya.

---

DadaWaRingi amejibu:

Kaka, wanaokwambia mpoteze makusudi hawajasoma orodha uliyoiandika wewe mwenyewe. Timu hupoteza makusudi ili chaguo lake lipande. Ninyi mkipoteza, linapanda chaguo lenu la 2027, ambalo Brooklyn walikwisha liuza Houston, na miaka mingine wanasimama Washington na wenzao wakisubiri kubadilishana nanyi. Mtakuwa mnafungwa kwa niaba ya watu wengine. Kwa hiyo Phoenix ni moja ya timu chache ambazo hazina hiari nyingine ila kujaribu kushinda kila mwaka, hata kama kushinda kwenyewe ni michezo 40. Ndiyo maana siushangai uamuzi wa kumwongezea Booker miaka 2 kwa dola milioni 145 hadi 2030, ingawa mshahara huo utauma akifika miaka 33.

Katika dili la Durant kwenda Houston kuna jambo ambalo ningelicheka kama nisingewahurumia. Chaguo la 2025 mlilowapa Brooklyn, Brooklyn waliwauzia Houston haki ya kulichukua mwaka 2024. Nanyi mkacheza vibaya kiasi kwamba likawa la 10, kisha Houston wakawarudishia pamoja na Jalen Green, Dillon Brooks na machaguo ya raundi ya pili. Mmemlipia Durant kwa chaguo hilo, na mmelipwa chaguo hilohilo kwa kumwachia. Limewapa Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyejifunzia mchezo Uganda, aliyecheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Wiki hiyohiyo mkamchukua na Mark Williams kutoka Charlotte Hornets, senta ambaye Februari Los Angeles Lakers walilifuta dili lake baada ya vipimo vya afya. Masenta wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kwa mpigo; mmoja ni wa leo akiwa mzima, mwingine ni wa kesho.

Kuhusu njia ya kujengea, someni Lakers. Mwaka 2021 walimnunua Russell Westbrook kwa Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope, Montrezl Harrell na chaguo la raundi ya kwanza. Walikuwa wamekusanya mishahara midogo kuwa mmoja mkubwa, wakashinda michezo 33. Februari 2023 wakafanya kinyume: mshahara wa Westbrook, wa takriban dola milioni 47, ukagawanywa ukawaletea D'Angelo Russell, Jarred Vanderbilt na Malik Beasley, na timu iliyokuwa chini ya msimamo ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi. Caldwell-Pope naye, kupitia Washington, alikwisha fika Denver, akawafagia akiwa upande wa pili.

Hapo ndipo kanuni alizozieleza Mzee zinapogeuka kuwa msaada. Kizingiti cha pili kinakuzuia kukusanya vidogo kuwa kikubwa, lakini hakikuzuii kukigawa kikubwa kuwa vidogo, mradi usipokee mshahara mkubwa kuliko uliotoa. Suns wamelifanya hilo kwa Durant. Kwa Beal hawakuweza, kwa sababu ya kile kifungu, wakalazimika kuuvunja mkataba na kuutandaza, takriban dola milioni 19 kila msimu kwa misimu 5. Beal mwenyewe ilibidi asamehe sehemu ya fedha zake, kwa kuwa ligi hairuhusu mishahara iliyotandazwa ipite asilimia 15 ya ukomo, na Suns tayari walikuwa na mingine midogo mezani. Uzuri wake ni kwamba wametoka juu ya kizingiti. Ubaya ni kwamba hadi 2030 kuna mchezaji wa milioni 19 ambaye hayupo benchi wala uwanjani, na milioni 19 ndiyo bei ya yule mkabaji wa kati mnayemlilia.

Kabla hamjaninyamazisha, niseme kuhusu kupima dili usiku wa kwanza. Februari 2008 Memphis Grizzlies waliwapa Lakers Pau Gasol, ligi nzima ikacheka, na Lakers wakatwaa ubingwa wa 2009 na 2010. Katika mzigo uliokuja Memphis kulikuwa na haki za kumsajili mdogo wake, Marc, ambaye mwaka 2013 alikuwa mlinzi bora wa ligi. Memphis haohao mwaka 2009 walimchagua Mtanzania Hasheem Thabeet akiwa wa 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na jambo hilo linakumbukwa kila drafti. Lisilokumbukwa ni kwamba Februari 2011 walimjumuisha katika dili la kumrudisha Shane Battier kutoka Houston. Aprili ya mwaka huo, mchezo wa kwanza wa mtoano kule San Antonio, Battier akapiga mtupo wa pointi tatu sekunde chache kabla ya mwisho, na Grizzlies wakapata ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu klabu ianzishwe. Walishika nafasi ya 8 na wakawatoa Spurs walioshika ya kwanza. Hawakuwa na nyota mpya. Walikuwa wamegeuza chaguo lililoharibika kuwa mtu mmoja anayejua kukaba.

---

BenchiRefu amejibu:

Dada, mfano wa Battier nimeupokea kwa mikono miwili. Wasiwasi wangu uko kwa Green. Yeye na Booker wote wanataka mpira, wote ni wafungaji, na hakuna kati yao utakayemtuma kumkaba Luka Dončić au Anthony Edwards. Brooks ndiye atakayefanya kazi ya Bridges, kwa kelele zaidi na ustadi pungufu kidogo. Mshahara wa Green ni zaidi ya dola milioni 33, na ndiyo sarafu pekee kubwa waliyobaki nayo baada ya Booker mwenyewe.

---

DadaWaRingi amejibu:

Ndiyo maana ningemchezesha kila usiku hadi Februari, mitupo mingi kadiri anavyotaka, bila kumwaminisha yeyote kwamba ni wa kudumu. Ana miaka 23, amezoea kucheza michezo yote 82, na kuna timu zenye wakabaji wawili wazuri na hakuna wa kufunga. Mshahara wa milioni 33 unagawanyika vizuri.

---

PasiYaMwisho amejibu:

Basi nitakuwa naangalia idadi ya dakika za Green kuanzia mchezo wa kwanza, na mwishoni mwa Januari nitarudi hapahapa na majina ya wakabaji. Mzee, andaa hesabu za mishahara.